Kaseti Niliyoacha na Meno Yake

Wadogo zangu mnaobaki na studio,

Mtu wa miaka thelathini na minne akisema amestaafu, watu hucheka, na wana haki. Katika mji wetu kustaafu ni neno la wazee wa reli, wale wanaokaa mbele ya ofisi wakingoja jibu la barua waliyoandika zamani. Mimi sikuungoja umri. Sikio langu la kushoto limekufa, la kulia linachoka mapema, na fundi wa sauti mwenye sikio moja ni kama dereva anayemuuliza abiria kama barabara imepinda. Ndiyo maana nimewaachia funguo.

Mliniomba niandike jambo moja tu: kati ya Mwana-Reli na Kaporali, nani alikuwa rapa mkubwa zaidi. Najua mnagombana juu ya hilo kila siku, na wale wa baiskeli za abiria karibu na stesheni wanagombana kuliko nyinyi, ingawa wengi wao hawajawahi kuwasikia wote wawili. Mmeniuliza mimi kwa sababu ni mimi niliyewarekodi wote. Nitajibu, lakini nitapitia kwenye kazi, kwa kuwa jibu langu la kwanza lilikuwa kosa la kazi.

Nilirudi Kamina, mji wetu huu wa reli, chuo kikuu kilipofungwa, nikiwa nimemaliza miaka mitatu ya falsafa na bila karatasi ya kuthibitisha hata mmoja. Papa Ramazani alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, Mwislamu wa ukoo uliotoka Maniema zamani kwa njia za misafara. Nyuma ya duka lake kulikuwa na chumba chenye mashine mbili za kaseti, betri ya gari na maikrofoni moja aliyoivalisha soksi. Hapo alinakili kaseti za muziki zilizokuja kwa treni, na mara mojamoja akarekodi kwaya. Siku ya kwanza nilikuja na shati jeupe na maoni mengi. Alinipa kijiti chenye pamba na chupa ya spiriti.

"Safisha kichwa," akasema, akionyesha kile kichuma kinachogusa utepe ndani ya mashine.

Nilisafisha kichwa kwa wiki tatu. Sikuruhusiwa kugusa kifungo chochote. Nilimuuliza kwa nini kila baada ya kaseti mbili na si tatu, nani aliyepima, na kama aliwahi kujaribu kutosafisha akasikia tofauti. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa na adabu, kisha akanipa pamba nyingine. Jina la Profesa nililipata majuma hayo. Halikuwa sifa.

Sheria yake kubwa ilikuwa juu ya meno. Nyinyi mnayajua, lakini nawaandikia pia watakaokuja wakati mashine hizi zimekwisha. Mgongoni mwa kaseti kuna vipande viwili vidogo vya plastiki, tuliviita meno. Ukivivunja, mashine inakataa kurekodi juu ya kaseti hiyo. Papa Ramazani alitaka kila kaseti ya kwanza, yaani ile iliyopokea sauti kutoka kinywani mwa mtu, ivunjwe meno saa ileile, kabla ya kunakiliwa hata mara moja. Mimi nikamwonyesha kwamba ukibandika kipande cha karatasi juu ya tundu, mashine inakubali tena. Sheria inayoshindwa na karatasi ni sheria gani?

"Profesa," akasema, "kwa kubandika karatasi, lazima usimame. Utafute mkasi, utafute gundi. Ukiwa unatafuta mkasi, pengine utapata na akili."

Nilicheka. Niliona ni ushirikina wa mwenye duka. Kaseti tupu zilikuwa chache, na kuvunja meno kulikuwa kama kuziua.

Wakati huo rap ilikuwa imeshatufikia kwa njia ile ambayo kila kitu hutufikia, imechakaa na imechelewa. Kaseti za marapa wa ng'ambo zilipita mikono mingi hivi kwamba nakala ya kumi ilikuwa upepo mtupu wenye mtu mwenye hasira ndani yake. Vijana walijifunza kutoka kwenye upepo huo. Kisha wakaanza kushindana katika ukumbi wa parokia, Jumamosi mchana, na katika muda mfupi yakabaki majina mawili.

Mwana-Reli, jina lake la nyumbani Tshibangu, alikuwa mtoto wa karani wa reli, Mkasai aliyezaliwa hapahapa Kamina. Mwembamba, mwenye daftari la shule kifuani. Aliandika kila mstari, akausoma mara moja mbele ya watu, halafu akalifunga daftari kama anayefunga mlango. Alikuwa na tabia moja iliyonikera: aliuchelewea mdundo. Mdundo ulianza, watu wakaanza kutikisa kichwa, yeye bado amenyamaza. Ukishaamini kwamba amesahau, ndipo anaingia, kwa sauti ya mtu anayekueleza jambo jikoni. Na katikati ya ubeti aliacha pengo, pumzi moja nzima, ukabaki umeinama mbele ukingoja.

Kaporali, ambaye nyumbani nduguze kumi walimwita Bosco, alikuwa mtoto wa askari wa Base, kituo kikubwa cha jeshi kando ya mji. Huyu hakuandika kitu. Alikulia kwenye kambi ambako kila mlango una lugha yake, akachukua vina kutoka Kilingala, Kiswahili, Kifaransa na Kiluba kama mtu anayechuma mapapai kwa jirani. Sauti yake ilikuwa ya gwaride. Alipoanza, hakuna aliyeweza kufikiri jambo lingine, na nadhani hilo ndilo lililowapendeza watu katika miaka ile.

Watu walisema huyu ana moyo, yule ana nguvu. Maneno hayo hayakunitosha. Chuo kilinifundisha kuamini kwamba kila kinacholinganishwa lazima kipimwe. Nikachukua saa yangu ya mkono na daftari. Nilihesabu kila mmoja anakwenda sekunde ngapi bila kuvuta pumzi, vina vingapi katika ubeti, mara ngapi anarudia neno. Nikawapa alama kama mwalimu. Kaporali alishinda kila safu. Nilimpelekea Papa Ramazani matokeo, naye alikuwa anakunja kitenge.

"Weye unapimaka bantu kama nguo," akasema. "Kitenge kiko na mita. Muntu haina mita."

"Basi wewe unajuaje nani anamzidi mwenzake?"

"Minyi sijue. Minyi nangoja."

Mwana-Reli alirekodi kwetu nyimbo sita. Mashine moja ilitoa mdundo, nyingine ikapokea, na maikrofoni katikati, magunia ya mchele yametundikwa ukutani kunyonya mwangwi. Mama yake, Mama Ngalula, ambaye aliuza samaki wakavu sokoni, alikaa kizingitini tangu asubuhi na sufuria ya maharage iliyofunikwa kwa sahani. Katika wimbo wa nne treni ya mizigo ilipiga honi. Nilitaka turudie. Mwana-Reli akaisikiliza tena akasema tuiache, maana treni nayo ni mtu wa Kamina. Niliandika katika daftari langu: kelele, dakika ya pili.

Papa Ramazani siku hiyo alikuwa na homa, amelala nyumbani. Nilipaswa kuyavunja meno ya kaseti ile. Sikuyavunja. Niliiweka rafuni ilivyo, nikajisikia mtu huru.

Hayo yaliyofuata mnayajua kwa kusikia. Mimi nayajua kwa kusikia pia, kwa sababu muda mwingi nilikuwa ndani, mlango umefungwa. Watu wa Kasai walianza kuitwa wageni na kufukuzwa katika miji ya migodi, wakafika kwenye stesheni yetu kwa mabehewa, wakingoja mabehewa mengine ya kuwapeleka mbele, kwenye nchi ambayo wengi hawakuwahi kuiona. Kisha vijana wenye fimbo wakapita hata kwa Wakasai wa hapa. Nyumba ya karani wa reli ilikuwa miongoni mwa za mwanzo. Wakatoka na magodoro, wakaenda kukaa kwenye saruji ya stesheni na wenzao. Walikaa wiki nyingi, kwenye mvua.

Mwana-Reli alinijia mara moja, kwa mlango wa nyuma.

"Profesa, ile kaseti ya kwanza, mutanichungia?"

"Ndiyo."

"Tukifika kule nitatuma muntu. Ao nitakuja mwenyewe."

Nikamwambia iko salama. Hata mkono sikumpa, nilikuwa natazama nani anapita nyuma yake.

Tulikuwa tumeuza nakala tano za kaseti hiyo. Kabla mwezi haujaisha, zote tano zilirudi. Waliozinunua walikuwa wanafunzi, mwalimu mmoja, shemeji wa jirani yetu. Kila mmoja aliweka yake mezani akasema kwa sauti ndogo, "Nipigie kwaya juu yake." Nilizipigia kwaya, sauti ya Mwana-Reli ikafutika. Hiyo ni kazi, mteja ametaka. Wala sikuwauliza kwa nini, mimi ambaye niliuliza juu ya pamba.

Baada ya miezi Kaporali akaja. Kikosi cha baba yake kilikuwa kinahamishwa na familia zote, naye alitaka kurekodi kabla ya kuondoka. Alikuwa na siku ile moja. Papa Ramazani alikuwa Kindu kwenye matanga ya dada yake. Kaseti tupu hazikuwapo mjini kote, wafanyabiashara walikuwa hawasafiri. Nilipekua rafu. Zote zilikuwa zimevunjwa meno na mkono wa Papa Ramazani, isipokuwa moja.

Hapa ndipo mnapotaka jibu, basi nitawaambia nilivyofikiri, maana nilifikiri kweli, sikusahau. Nilijiambia: kuna rapa wawili na kaseti moja. Nimewapima. Kaporali anazidi kila safu. Sanaa bora ndiyo inayostahili kubaki. Hoja ilikuwa safi, ningeweza kuitetea mbele ya mwalimu yeyote. Imenichukua miaka kuona kwamba hoja ileile ndiyo iliyonifaa pia mimi mwenye woga, kwa sababu rafuni kwangu palikuwa na jina ambalo sikutaka vijana wenye fimbo walikute. Hata lebo yenye jina hilo nilikuwa nimeshaibandua kwa kucha. Nikabofya kifungo. Sikusimama kutafuta chochote.

Kaporali alikuwa ameitazama kaseti kabla haijaingia.

"Iko ya nani?"

"Haiko ya muntu."

Alinitazama kidogo, halafu akaenda kwenye maikrofoni. Nyimbo mbili za kwanza zilikuwa moto. Sindano za mashine zinazopima sauti zililala upande wa kulia, nami nikafurahi kwamba nimechagua vizuri. Kwenye ya tatu mdundo ulianza naye akanyamaza. Nilidhani ameshikwa na kikohozi. Akaingia akiwa amechelewa, kwa sauti ya chini, na katikati akaacha pengo. Alipomaliza nikasimamisha mashine.

"Hii ya tatu umechelewa kuingia. Turudie?"

"Acha vile, Profesa."

"Na katikati umenyamaza kama muntu amesahau maneno."

"Sikusahau."

Niliandika: wimbo wa tatu, dhaifu, amechoka. Nilipotengeneza nakala za kuuza nikauacha nje, ili nyimbo zilizobaki zienee vizuri upande mmoja. Ndiyo maana nyinyi na mji mzima mnazijua nyimbo zake nyingine kwa moyo na huo hamjausikia. Kaporali aliondoka kesho yake. Vita vilivyofuata vilimpeleka mashariki akiwa na sare yake mwenyewe, na hakuna aliyepata habari zake tena. Nakala zake zilimfanya mkubwa. Za mwenzake hazikuwapo. Mnapobishana juu ya urithi wa rapa, kumbukeni kwamba nusu ya urithi huo niliifanya mimi, kwa kidole kimoja.

Papa Ramazani aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye rafu.

"Ile ya mutoto wa karani iko wapi?"

Nilimweleza, na hoja zote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama kawaida. Kisha akanipa kijiti cha pamba na chupa ya spiriti, na kwa wiki tatu sikugusa kifungo. Hakulitaja tena jambo hilo mpaka alipokufa, mwaka uliofuata. Mtu anayegomba unaweza kumjibu.

Sikio lilikwenda katika vita vya pili. Kwenye kizuizi cha barabara askari alitaka kututisha akafyatua bunduki kando ya kichwa changu. Hakukusudia kunidhuru, aliniomba radhi, nami sikumsikia.

Na mwaka jana, mchana, siku ya soko, Mama Ngalula akaingia. Sikumtambua. Alikuwa amekuja na wale wanaosukuma baiskeli za mizigo kutoka Kasai, miguu imevimba, kitambaa kichwani kimegeuka rangi ya barabara.

"Njo hapa kwa Ramazani?" akauliza, kwa ile "njo" ya kwetu, ambayo kwa wengine ni "ndiyo".

"Njo hapa, mama. Mwenyewe alikufa."

"Mungu amupokee. Basi weye njo Profesa."

"Njo minyi."

"Minyi mama ya Tshibangu."

Nilimpa kiti. Alikaa, akanywa maji, akaniuliza habari za watu wa nyumbani mmoja mmoja, kama inavyotakiwa. Kisha akasema mtoto wake alikufia Mwene-Ditu, kule Kasai, wiki ileile waliyoshuka kwenye behewa, kwa kuharisha. Alisema bila kubadilisha sauti, akitazama mashine.

"Aliniambia, mama, sauti yangu iko Kamina, kwa Ramazani, iko salama. Njia ilikuwa mbaya, miaka yote hii nilishindwa. Sasa nimekuja. Nataka nimusikie tu."

Ningeweza kusema kaseti iliibwa. Wakati wa vita kila kitu kiliibwa, na uongo huo ulikuwa umeshatumika mjini kwa mambo mengi. Nilikwenda mpaka rafuni nikiwa bado sijaamua. Nilirudi na kaseti.

"Mama, sauti yake haiko tena hapa. Niliifuta. Nilirekodi muntu mwengine juu yake. Hakuna aliyeniamuru."

Nje mtu alikuwa anauza sabuni kwa kuimba.

"Ni nani alikaa pa nafasi yake?"

"Mutoto wa askari wa Base. Walimwita Kaporali."

"Nisikie basi huyo."

Sikuelewa, lakini sikuuliza. Nikawasha. Nyimbo mbili alizisikiliza mikono ikiwa mapajani, kama mtu anayengoja zamu hospitalini. Ya tatu ikaanza, mdundo peke yake, yule kijana amenyamaza. Mama akainua kichwa.

*Sufuria ya mama haina kifuniko,*
*mvua inaingia, tunasema ni mchuzi.*
*Ukiniuliza kwetu njo wapi,*

Hapo lilikuwa pengo. Ndani yake nilimsikia Mama Ngalula akisema, taratibu, kabla ya Kaporali:

*kwetu njo pale mama anawasha moto.*

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Mara ya pili alisema maneno yote pamoja na mashine mpaka mwisho, hata yale ya haraka, hata pumzi.

"Mama, huyu ni Kaporali," nikasema, kwa ujinga.

"Sauti iko ya huyu. Maneno njo ya mutoto yangu. Aliifanya kule ku gare, pale ku stesheni, tulikuwa tunangoja wagon. Minyi nilikuwa napiga sufuria kwa kijiko. Kulikuwa kijana moja, alikuwa anatuletea maji ndani ya bidoni ya baba yake. Baba yake alikuwa analinda pale. Bote wawili walikuwa wanakaa chini ya behewa, mmoja anasema, mwenzake anarudilia, mpaka ikaingia kichwani." Akafuta uso kwa kona ya kitenge. "Nilikuwa nafikiri wanacheza."

Kaporali ambaye hakuandika kitu alikuwa ameandikwa. Mwaka ambao mimi nililibandua jina la mwenzake kwa kucha, yeye, mtoto wa askari, alisimama mbele ya maikrofoni yangu akasema mistari ya Mkasai kwa namna ya Mkasai, kuchelewa kwake na pengo lake, bila kubadilisha chochote ili ipendeze. Na alifanya hivyo juu ya kaseti ambayo alikuwa ameshaishuku ni ya nani. Niliketi karibu naye kuliko mtu yeyote, masikio yote mawili yakiwa mazima, nikaandika *dhaifu*.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba sijui, wadogo zangu. Kaporali alikuwa na pumzi ndefu zaidi. Mwana-Reli alijua mahali pa kuikata. Wimbo mkubwa kuliko zote zilizowahi kuingia katika chumba hiki ni wa wote wawili, na daftari langu halina safu ya kuuandika. Nimelichoma. Mkitaka kupima, pimeni, lakini msiwe nyinyi pia mnaoshika kifungo.

Nilitaka kumpa Mama Ngalula kaseti ya kwanza, nami nibaki na nakala. Alikataa.

"Unipatie nakala," akasema. "Hii ikae hapa. Mutoto alisema iko salama hapa. Isikuwe alinidanganya."

Nikachukua bisibisi ndogo nikavunja meno yote mawili mbele yake. Akaniomba niandike majina mawili kwenye lebo, nikayaandika, yale ya nyumbani. Akaifunga nakala katika ncha ya kitambaa chake, akaenda kutafuta wenye baiskeli wa kurudi nao.

Kaseti iko kwenye droo ya kushoto, chini ya pamba. Mkasi wa kukatia karatasi nimeuweka nyumbani kwangu. Siku mtakayouhitaji, ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Njooni, nitawapa chai.